Jina la Rahim Kwenye Orodha

Guangzhou, 9 Septemba 2024

Wifi yangu Shifa,

Assalamu alaykum. Kaka yangu na watoto hawajambo? Mimi mzima, ila ngazi za soko la nguo la Liuhua zinanimaliza magoti. Naandika kwa karatasi na kumpa Marijani, anayerudi Dar, akuletee mkononi, maana simu yako inashikwa na kila mtoto wa nyumba hiyo.

Nataka kumleta Rahim anisaidie kufunga mizigo. Mwanangu ana miaka ishirini na mbili, hawezi kukaa kwa mama Mbagala mpaka aote mvi. Lakini umoja wetu wa Watanzania umeanzisha darasa la watoto la Jumamosi, na kila familia inajaza fomu: nyumbani kwako yupo mtu aliyewahi kumdhalilisha mtoto kijinsia? Akiwepo, jina linaingia kwenye orodha, wazazi wote wanaisoma. Swali hilo nimelitunga mimi, katibu, nikiwafikiria watoto wa wenzangu. Nilipofika kwenye fomu yangu mkono ukagoma.

Rahim alikuwa na miaka kumi na mitatu alipomfanyia Lulu wako vile, naye Lulu minane. Mimi nilitaka tuyamalize ndani, wewe ukaenda ustawi wa jamii, nikakununia miaka. Ulikuwa sahihi, na nimechelewa kukuambia. Niandike, nisiandike? Wenye haki ya kusema ni wewe na mwanao.

Wifi yako, Sihaba

Magomeni, 2 Oktoba 2024

Wifi Sihaba,

Wa alaykum salaam. Sisi wazima, kaka yako kikohozi kimemwachia. Gauni limefika, asante, ingawa umenikadiria mwili wa zamani.

Barua yako niliificha siku nne kwa hasira. Kisha nikampa Lulu aisome, maana ana kumi na saba sasa na jambo ni lake. Alisoma, akaenda kuosha vyombo vyote, akarudi. "Mama, jina lake likiandikwa, watu watauliza alimfanyia nani. Shangazi ana ndugu wangapi wenye mabinti? Nitakuwa nimeandikwa na mimi."

Hilo sikuwa nimeliona. Nilikuwa tayari kukujibu andika, tena kwa wino mwekundu.

Usifurahi haraka lakini. Ile karatasi waliyokupa ustawi mwaka ule, inayosema hatari yake ni ndogo, ilimpima mtoto, wewe unaleta mwanamume. Apimwe upya kabla hajapanda ndege. Na msimamizi wa darasa aambiwe, na Rahim mwenyewe ndiye amwambie.

Wifi yako, Shifa

Guangzhou, 20 Februari 2025

Wifi yangu,

Salaam nyingi, na poleni na joto. Huku baridi, nimevaa masweta mawili.

Rahim alipimwa tena ustawi, vikao vinne. Aliulizwa habari za marafiki, kazi, hasira zake, na kama anaweza kusema alichofanya bila kumsukumia Lulu lawama. Karatasi haikusema hatari hakuna. Imesema ndogo, na asiachwe peke yake na watoto.

Kafika wiki mbili zilizopita. Msimamizi wa darasa ni Mwalimu Sarah, ana duka la vitambaa jirani na mtaa wa Kangle. Rahim aliingia akamwambia mwenyewe, mimi nje najifanya nachagua lebo. Alitoka shati limelowa jasho. Sarah kasema darasani asikanyage, kwingine karibu.

Kwenye mkutano nilifuta swali langu. Mwenyekiti Dullah alikuja juu. Nikawaambia orodha ile itawafichua walioumizwa pia. Nikaomba badala yake mtu mzima yeyote asikae peke yake na mtoto, hata mimi, hata Dullah. Walibishana mpaka chakula kikapoa, wakakubali. Habari yetu sikuitaja, na inaniuma kidogo, ila nimelala vizuri.

Wifi yako, Sihaba

Magomeni, 3 Aprili 2025

Wifi yangu,

Idi Mubarak. Sisi wazima, tumeshiba.

Asubuhi ya Idi Lulu alivaa, akasema anakwenda kwa bibi. Tangu mwaka ule Mbagala hakukanyaga kwa sababu Rahim alikuwa pale, bibi ndiye akija kwetu. Safari hii alikwenda mwenyewe, na akalala.

Leo, siku ya nne, nimemfuata. Nimemkuta kitandani kwa bibi, saa nne asubuhi, amelala mdomo wazi. Mama mkwe akanikataza kumwamsha. Nikanywa chai yangu, nikarudi nyumbani peke yangu.

Wifi yako, Shifa