Kikopo cha Baba Mkwe

Jumanne, Carrollton

Nilikuwa nimesimama palepale kando ya kitanda. Hiyo ndiyo shida.

Maabara imekataa kikopo cha baba mkwe wangu: mate matupu, hakuna makohozi. Mapafu yake yalishachakaa kitambo, sasa yana kansa pia, na daktari hataanza dawa ya kansa kabla hajajua ni bakteria gani wamekaa humo ndani.

Nikamlalamikia mume wangu. Akasema, "Ulitaka ateme mbele yako? Wewe ni mke wa mtoto wake."

Mimi nesi mzima, hilo halikunijia. Nilikuwa nimemshika Baba mgongo nikimhimiza, "Kohoa, Baba, toa yote." Kumbe alikuwa anameza. Akaniambia, "Asante, mama, imetosha."

Kesho mume wangu ndiye atampeleka maabara akateme upya, mimi nibaki garini. Lakini hizi wiki zote nilikuwa nafurahi kwamba nikiingia chumbani kwake kikohozi kinatulia. Nilidhani anapata nafuu.

Usiku huu alikuwa anakohoa. Nilipopita nje ya mlango wake, kikohozi kikakatika ghafla. Nimevua viatu, nimeketi jikoni kimya, nangoja aamini kwamba nimelala.