Programu ya Bei ya Kuku

Mwamkulu, Jumamosi, Agosti 1998

Eti mwenye kompyuta pale mjini Mpanda kaniita mzee, mimi niliyewahi kumkimbiza simba kwa kandambili!

Alikuwa na programu mbili za kutunza hesabu za nyumbani; unamtajia mali yako, anakutolea karatasi. Ya kwanza bei yake mbuzi mzima. Ya pili bei ya kuku, ila haina sehemu ya kuandika madeni.

"Hiyo ya kuku ndiyo saizi yangu," nikasema. "Madeni ni ya watu wadogo."

Shemeji Masunga, kaka wa mke wangu, alikuwa pembeni anasikiliza. Miaka kumi na mbili sasa ananidai ng'ombe watano wa mahari iliyobaki.

"Mali yako?" akauliza mwenye kompyuta, vidole tayari.

"Ng'ombe arobaini!"

Karatasi ikatoka imepigwa chapa kama ya serikali. Shemeji akaikunja, akaitia mfukoni. "Kumbe uko vizuri hivi, shemeji! Basi Jumatatu nawafuata watano wetu."

Balaa. Thelathini na tano ni wa rafiki yangu, kanikabidhi niwachunge, nami nanywa maziwa. Wangu ni watano tu, ndio wanaolima mpunga. Wakienda, nitafungwa plau mimi mwenyewe.

Mke wangu anacheka tu. "Kamwambie kaka ukweli, Baba Kabula. Atasubiri tena."

Nimeandika kwanza humu daftarini kwamba ninao watano, nione kama mkono utakubali. Umekubali. Bado mdomo.