Siku Nilipokuonea Haya Redioni

Baba mkwe wangu uliyeko Urambo,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu uso kwa uso nisingeweza. Ningeangalia mkeka, wewe ungeangalia mlango, na Mama angelazimika kutusemea wote wawili kama kawaida yake.

Unakumbuka tulivyojuana? Sauti zilitangulia. Miaka miwili nilikaa mnarani nikiongoza ndege zinazotua na kuruka hapa Tabora, na wewe ulikuwa rubani wa kile kindege cha abiria wachache kutoka Kigoma. Sura yako sikuijua. Nilijua tu kwamba unakohoa kidogo kabla ya kusema, na kwamba ni mvivu wa kurudia maelekezo. Sheria yetu ni moja: ninachokuambia unanirudishia chote, ili nijue umekisikia chote. Wewe ulipenda kujibu "sawa" ukanyamaza. Nami sikukuachia. "Rudia!" Ukirudia nusu, "Rudia yote!" Baadaye nilikuja kusikia kwamba nyumbani ulikuwa ukinisema: "Yule binti wa mnarani ana mdomo!"

Kisha mwanao akanileta kwenu, mtaa wa Ng'ambo hapa hapa Tabora, kunitambulisha. Nilipiga magoti, nikasema shikamoo, ukapaliwa na chai. "Mama wee," ulimwambia Mama, "kumbe ndiye huyu!" Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kanga. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Baada ya ndoa mambo yakabadilika. Mkamwana wa kwetu hamkatishi baba mkwe maneno, hamtaji jina, hamwamrishi. Mezani nisiposikia ulichosema, namuuliza Mama. Adabu hiyo ningepaswa kuiacha chini ya ngazi za mnara, lakini nilipanda nayo. Redioni nikawa laini kama uji. Ukijibu "sawa, mama", naacha. Wewe nawe, kwa kunistahi, ukazidi kufupisha. Wenzangu walidhani tunaelewana sana.

Ndipo ikaja ile siku, saa sita mchana. Ndege nyingine ilikuwa mwisho wa njia ya kurukia, inageuka taratibu. Nilikuambia uendelee kukaribia, lakini usitue, kwa kuwa njia ina ndege. Wakati huohuo rubani wa tatu alibonyeza kitufe chake akaanza kusema. Sauti zikagongana, redio ikakoroma. Katika yote niliyosema, wewe ulipata "endelea kukaribia" tu. Ukajibu, "Sawa, mama."

Baba, nilijua. Niliusikia ule mkoromo, nikajua huenda hukupata sehemu ya pili. "Rudia" lilikuwa mdomoni kabisa. Nikaona haya. Nikajiambia, mzee ana uzoefu, ataiona mwenyewe. Lakini jua lilikuwa kali na vumbi la kiangazi limetanda, hukuiona.

Ulipokuwa umeshuka kiasi cha mimi kusoma namba za ubavuni, nilibonyeza kitufe changu. Nilikuita kwa jina lako, lile ambalo mkamwana hapaswi kulitamka hata akiwa peke yake, bila Baba, bila mzee. "Usitue! Panda juu! Panda!" Ukapanda. Kivuli chako kilipita juu ya ile ndege nyingine, na watu waliokuwamo sidhani kama walijua walichoponea. Kwako walikuwa abiria saba. Hakuna aliyepata hata mkwaruzo.

Ulipozunguka na kutua, ulinikuta chini ya ngazi za mnara nikikusubiri. Nilitaka kupiga magoti, ukanizuia kwa mkono.

"Leo umenifokea," ulisema.

"Nisamehe Baba, sikuwa na..."

"Hapana. Umechelewa kunifokea. Nikiwa kule juu, mimi si mkweo."

Nilipoandika taarifa niliandika haya zangu zote, bila kujitetea. Niliandika na ile "sawa" yako pia. Mawifi walinuna. Walisema mkamwana amemshitaki mkwe. Mimi niliondolewa mnarani kwa muda, nawe ukarudishwa darasani kukaa na vijana wanaoweza kuwa wajukuu zako. Tuliporudi kazini ulianza kurudia kila neno langu mpaka la mwisho, kwa sauti kavu, nami nikashindwa kujua kama ni utaratibu au ni hasira. Ukastaafu. Ukahamia Urambo na Mama bila kuniaga. Nilimuuliza mume wangu, akasema, "Baba ndivyo alivyo." Jibu hilo halikunisaidia kitu. Kila nilipolikumbuka jina lako lilivyonitoka kinywani mbele ya marubani wote, niliona umeniwekea kinyongo, na nilijiambia kwamba bora ninuniwe na mtu aliye hai. Lakini iliniuma, Baba, sitakuficha.

Jumapili iliyopita simu yangu ikalia. Nilipoona ni wewe nikadhani umekosea, maana hujawahi kunipigia. Nikapokea, nikaanza kumwita mume wangu aje aongee nawe.

"Mwache," ulisema. "Nakutaka wewe."

Basi ukaanza. Mvua imechelewa. Miche ya tumbaku inanyauka kitaluni. Ngedere wameingia kwenye mahindi na jirani yako, badala ya kuwafukuza, anasimama kuwatazama. Goti la kushoto linauma ukiinama, la kulia linauma ukisimama. Robo saa nzima! Ile siku hukuitaja hata kidogo. Sikukukatisha. Nilikaa kizingitini na simu sikioni, machozi yananitoka kwa furaha, na mume wangu ananiuliza kwa ishara ni nani amefariki. Nikamtikisia kichwa. Hakuna, nikamwambia. Ni Baba, analalamikia ngedere.

Msalimie Mama. Nawe kaa salama, Baba, na wakirudi tena mahindini, nipigie mimi.

Mkamwanao, Ng'ambo