Mahali Waliponisafishia Bukima

Jumapili jioni, Kamunyonge. Tangu mchana mawingu yametanda upande wa ziwa na mvua haijaamua kunyesha. Mgongo unauma, lakini leo si mgongo unaonisumbua.

Nianze na habari njema. Jana nilitembea.

Wanaonisoma hapa wanajua saratani yangu ilianzia kwenye tezi dume, ikahamia kwenye mifupa ya mgongo. Madaktari walishasema haitapona. Kilichobaki ni kutuliza maumivu na kuishi vizuri kadiri inavyowezekana. Hayo maneno, kuishi vizuri, nilikuwa nayadharau. Vizuri vipi, mtu mzima unageuzwa kitandani na mkeo?

Ndipo akaja Tekla, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Siku ya kwanza nilimuuliza, mazoezi ya nini kwa mtu anayekufa? Hakukasirika.

"Mwalimu, mimi sikufundishi kupona," akasema. "Nakufundisha kwenda chooni mwenyewe."

Akanifundisha kugeuka ubavu kabla ya kuinuka, kusimama na fremu ya kutembelea, kupumzika kabla sijachoka. Nililia kwa maumivu. Nikalia tena siku nilipofunga mlango wa choo kwa mkono wangu, nikiwa ndani peke yangu.

Jana, basi, mwalimu mwenzangu alinipeleka na gari lake Bukima kumwona mama. Mke wangu, Mama Eliza, alibaki; kanisani kulikuwa na harusi na yeye yuko kamati ya mapishi. Nyumbani walishangaa kuniona nashuka mwenyewe. Mama alinishika uso kwa mikono miwili. Mdogo wangu Bwire alitaka kunibeba, nikakataa.

Tulipomaliza kula nikasema naenda chooni, nyuma ya nyumba. Bwire akaruka.

"Kaka, tulia tu, nakuletea ndoo."

Nikacheka. Nikasimama na fremu yangu, nikazunguka nyumba taratibu, nikijiona mshindi.

Pembeni ya kaburi la baba, mihogo ilikuwa imeng'olewa. Mihogo michanga kabisa. Ardhi imesawazishwa, na kando yake lundo la mawe na mchanga.

Nilielewa palepale kwamba ni pangu.

Hakuna aliyetegemea kwamba miguu yangu ingenifikisha kule.

Bwire alikuwa nyuma yangu. Nikamuuliza, "Hapa mnajenga nini?"

Akatazama chini. "Kaka, ulikuwaga huwezi hata kukaa. Shemeji alipiga simu analia, akasema tujiandae."

Shemeji yake ni Mama Eliza wangu. Yule anayeniambia kila asubuhi kwamba nitapona.

Mama naye alikuwa amefika, anahema.

"Mimi niliwakatalia," akasema. "Niliwaambia, mwanangu bado anakula."

Nikaomba kiti. Nikakaa palepale, nimeuelekea ule udongo. Nilitaka kujua kama naweza kuutazama. Niliweza, lakini mikono yangu ilikuwa baridi kama ya mtu aliyetoka majini.

"Bwire," nikamwambia, "sitapona. Lakini bado sijafa."

Akachuchumaa, akalia kwa sauti, mwanaume mzima na ndevu zake. Kisha tukaongea. Tuliongea yale ambayo nyumbani kwangu hakuna anayethubutu kuyagusa. Nikamwambia siku hiyo ikifika, mama asiachwe peke yake hata kidogo. Nikamwambia watoto wangu wasifichwe chochote. Na nikamwambia pale mahali pasikae wazi namna ile.

"Pandeni viazi."

"Na vikikomaa?"

"Nitakuja kula."

"Na usipokuja?"

"Mtakula nyie."

Mama akaguna. Sijui alikuwa anacheka au analia.

Leo nimefanya mazoezi yangu kama kawaida. Ila kila nikifumba macho ili niinue mguu, naiona ile ardhi. Imesawazishwa vizuri, hakuna hata kibonge cha udongo. Bwire hajawahi kufanya kazi ovyo. Nimefungua macho, bado ipo. Chakula cha mchana kimenishinda.

Simlaumu mke wangu. Alikuwa peke yake na mwili wangu miezi ile, na mtu lazima alie mahali. Kinachonitisha ni kwamba ametabasamu mbele yangu muda wote huu, na mimi nikaamini.

Jioni hii ameniuliza Bukima wanaendeleaje. Nimejibu kwamba wanataka kupanda viazi, pale pembeni ya kaburi la baba.

Mkono wake umesimama juu ya sufuria. Amenitazama, nami nimemtazama. Kisha ameendelea kukoroga mboga ambayo ilishaiva.

Anajua kwamba najua. Nani kati yetu ataanza kusema?