Mafuta ya Lavenita

Mama Fusi mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumapili, na tafadhali jina langu usilitaje redioni, maana huku visiwani Ha'apai hata kuku wakisikia watajua ni mimi.

Mimi ni mjane. Mume wangu Siosaia na mdogo wake Paea walikuwa wamepeleka viazi vikuu vya karamu ya kanisa kisiwa cha jirani, wakati wa kurudi mashua ikazama nao wote wawili, tukabaki wajane wawili ua mmoja, mimi na Lavenita mke wa Paea, tukakatwa nywele siku moja, tukajifunga kiunoni ile mikeka mikubwa mikuukuu ya msiba, tukalia hadi sauti zikakauka, nami nikajiambia angalau katika hili tuko sawa, ingawa yeye Mungu alimwachia Losaline, binti yake mdogo, na mimi sina mtoto, lakini hilo nililimeza nikanyamaza.

Sasa mwenzangu anacheka, Mama. Hilo ndilo linaloniua. Amepona! Mchungaji kamruhusu auvue mkeka mkubwa, amerudi kwenye kwaya, wakifika pale pa ufufuo anafumba macho kama habari hiyo kaletewa yeye peke yake, anachota maji anaimba, anamenya muhogo anaimba, na nyumba zetu zimepakana, kila kitu nakisikia, moyo unaniwaka moto, najiuliza kwa nini yeye, si tulimlilia Mungu yuleyule, kanisa lilelile, benchi moja? Mimi nikisali naona naongea na bati la paa.

Halafu kuna mambo ya alfajiri. Kuna siku anatoka kabla ya jogoo, ananukia mafuta ya nazi yenye maua, na wewe unajua kwetu mjane hajipaki mafuta, akijipaka watu wanauliza anajipaka kwa ajili ya nani. Nikamvizia mlangoni.

"We Lavenita, giza lote hili unanukia hivyo, unakwenda harusini?"

Akacheka, akanishika mkono. "Dada, usimwambie mtu, nakuomba. Ijumaa nafunga. Bwana alisema anayefunga asikunje uso, anawe, ajipake mafuta, watu wasimtambue. Basi najipaka."

"Si ungepaka kidogo?"

"Mkono wangu mzito, dada."

Sikumwamini, Ijumaa iliyofuata nikamfuata, kaingia kanisani, nikachungulia dirishani, hapakuwa na mtu mwingine, yuko sakafuni kwa magoti anamtaja Paea na kulia kama ile siku ya mashua, kisha akajifuta uso, akafagia kanisa, akarudi nyumbani anaimba. Unadhani nilimhurumia? Wallahi hapana, Mungu anisamehe hata kuapa, nilimwonea wivu zaidi, kwamba hata machozi yake yana pa kwenda.

Sasa wifi yetu mkubwa, Kalolaine, dada wa marehemu wote wawili, na kwetu shangazi akisema jambo juu ya watoto wa kaka zake limekwisha, kasikia uvumi kwamba Lavenita ana mambo na Maikolo, yule mzee aliyefiwa na mke na anayeshika funguo za kanisa. Jumatatu akaja kwangu, akakaa kitini, mimi chini.

"Wewe unaishi naye pua kwa pua. Ana mwanamume, hana?"

Nikainamisha kichwa.

"Umekuwa bubu? Nimemuuliza mwenyewe, eti 'Mungu anajua.' Jibu gani hilo? Mungu anajua, na mimi je?"

"Wifi, nipe muda."

"Muda wa nini, kuota ndoto? Jumapili, chakula kikishafukuliwa kwenye tanuri la shimoni na watu wakishakula, nataka neno lako mbele ya ukoo. Kama ni kweli, mtoto wa kaka yangu halelewi nyumba ya namna hiyo, namchukua. Na kwa magoti yangu haya siwezi kukimbizana na mtoto. Atalala kwako."

Atalala kwangu! Mama Fusi, tangu siku hiyo nimeshamtandikia kitanda. Na wala sihitaji kusema uongo, nikiinamisha kichwa tu Jumapili kama nilivyoinamisha Jumatatu, inatosha, tena Lavenita mwenyewe ndiye aliyeniomba nisimwambie mtu habari ya mfungo, kwa hiyo nikinyamaza si nimemtunzia siri? Niambie kama nina kosa.

Ni mimi, Mjane wa Nyumba ya Pili

*

Mjane wa Nyumba ya Pili, pole. Nakupa pole ya moyoni, maana kufiwa na kubaki katika nyumba isiyo na sauti ya mtoto si jambo dogo, na anayekwambia ujikaze tu hajawahi kulala humo. Pole imekwisha. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Eti kumtunzia siri! Mwanamke mzima, usinifanye mtoto. Siri hiyo ulipewa kwa sababu ulipendwa, na wewe unaigeuza kamba ya kumfungia mwenzio. Ungekuwa hujui ulifanyalo, usingetandika kitanda kwanza ndipo uombe ushauri.

Lavenita naye ana lake. Bwana hakusema mtu amwage chupa nzima! Hapa kwetu mafuta kwa mjane yanapiga kelele kuliko ngoma ya kanisa. Binti wa watu alitaka kujificha, akajitangaza kijiji kizima. Lakini yeye amekosea kwa moyo mweupe. Wewe la kwako unalipika polepole, na kuni unaongeza.

Na nani kakwambia amepona? Umeandika mwenyewe kwamba ulimkuta sakafuni analia, ukapita hapo mbio. Mimi nilisimama hapo nikasoma tena. Yule hajapona, anarudi kwa tabibu wake kila wiki, na akitoka anapata nguvu ya kuimba mpaka Ijumaa nyingine. Ndivyo tumaini linavyokuja kwa wengi wetu, kwa kulifuata, tena kwa magoti yanayouma. Unamwonea wivu kana kwamba Mungu alikuwa na faraja moja tu, na yeye akawahi kuichukua. Ipo ya kwako. Hujaenda kuiomba, umekaa unasikiliza ya jirani.

Na huyo mtoto. Losaline akilazwa kwako atamlilia mama yake, na nyumba zenu zimepakana, umesema. Mama atamsikia. Wewe masikio utayaziba na nini? Bahari imeshawatia msiba mmoja, usiwaongezee wa pili kwa mkono wako.

Usiingoje Jumapili. Kesho asubuhi nenda kwa Kalolaine, kaa chini kama inavyotakiwa, umwambie: "Wifi, nilimfuata, nikaona kwa macho yangu. Yuko peke yake, na anayemlilia ni ndugu yako." Akikufokea kwa kuwa ulinyamaza tangu Jumatatu, fokewa, unastahili. Kutoka hapo nenda moja kwa moja kwa Lavenita, umwambie siri yake umeitoa na kwa nini umeitoa, na wivu wako pia umweleze, usimpe nusu. Atakasirika, au atakukumbatia, sijui. Vyovyote vile utakuwa umesema. Kitanda kile kikunjwe leo hiihii.

Ijumaa ijayo ongozana naye. Usijipake mafuta, tafadhali, kijiji kimechoka. Usijilazimishe kuimba, wala usitafute maneno mazuri ya kusali. Piga magoti kando yake, na yeye akimtaja Paea, nawe mtaje wako kwa sauti. Barua yako imejaa Lavenita kutoka juu hadi chini, mpaka nikachoka naye. Siosaia nimemkuta mara moja tu. Dada yangu, uliyefiwa naye ni Siosaia. Nenda ukamlilie mumeo.