Nyumba Haiombewi Nusu

Jumapili, Molo. Ukungu haujatoka tangu asubuhi, na mimi pia sijatoka nje ya ua.

Nimevaa sweta mbili, zote nimefuma mwenyewe, na bado meno yanagongana. Mashine iko pale kwa dirisha, imeshikilia sweta ya shule iliyobaki mkono mmoja. Ni ya mjukuu wa Mama Ciku. Atanisamehe, lakini leo vidole vimekataa kabisa.

Wafula ameniacha. Ama mimi ndiye nimemwacha. Wacha niandike nione ni gani.

Wengine wenu mnasoma hii blogu tangu nikiwa Karagita, wengine mmekuja juzi. Karagita nilikuwa nakaa chumba kimoja kwa ploti, nafanya kazi ya maua huko kando ya ziwa. Wafula alikuwa ploti ya tatu kutoka kwangu. Tulipendana miaka kadhaa, yote kwa kunong'ona. Radio iwe juu, pazia liwe chini, viatu vyake viwe chini ya kitanda. Siku moja akasahau viatu nje. Majirani hawakumwona mwenyewe, lakini viatu vya mwanaume mwingine viliwatosha. Nilirudi kutoka kazini nikapata mwenye ploti amebadilisha kufuli, na vitu vyangu viko nje vinanyeshewa.

Nilitoka na begi moja na mashine ya kufuma ya marehemu mama. Nilikuja Molo kwa sababu huku ni baridi, na mtu wa sweta huenda penye baridi.

Sikutarajia kupendwa, aki. Nilitarajia kuachwa nikae.

Mama Ciku ndiye alinikodishia hii nyumba ya mbao nyuma ya kwake. Ni mama mjane, mnene, ana sauti ya kuita ng'ombe hata akiwa anakusalimia. Nilijua atauliza lile swali la kila mwenye nyumba, bibi yako anakuja lini. Nilikuwa nimeandaa uongo wangu vizuri, bibi yuko Nairobi anasoma. Hakuuliza. Aliuliza kama nakunywa maziwa.

Basi kila asubuhi nikawa naletewa kikombe cha maziwa. Wafula alipoanza kunitembelea siku zake za mapumziko, kikombe kikawa jagi. Hakuna mtu alisema kitu. Jagi tu.

Siku moja mzee mmoja pale kwa stoo ya viazi akaanza, ati huyu fundi na mgeni wake wa kila mwisho wa mwezi, hebu tuulizane. Mama Ciku alikuwa anachagua mbegu. Hata hakuinua kichwa.

"Hiyo sweta umevaa, ni nani alikufumia?"

Mzee akajiangalia kifua. Akaomba radhi akiangalia viazi.

Nilicheka hadi machozi nilipomsimulia Wafula. Yeye hakucheka. Aliuliza, "Kwa hivyo wanajua?" Nikamwambia hawajui, wanazoea tu. Neno lenyewe halijawahi kutamkwa huku, wala mimi sijalitamka. Nilidhani amenielewa.

Halafu chama. Wamama wa hapa wana chama cha vyombo. Kila mwezi wanamtembelea mmoja wao nyumbani, kila mtu na sufuria, sahani, chochote nyumba imekosa. Wanakunywa chai, wanakagua kila kona, wanacheka, mwisho wanaombea nyumba. Mimi ni mwanaume peke yangu mle ndani. Niliingia kwa sababu nilikuwa nimewafumia wote, na Mama Ciku akasema baridi haiulizi mtu ni mama ama ni baba.

Zamu yangu ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyopita. Wafula alikuwa amekuja. Alitaka kuondoka mapema, nikamshika mkono. Nikamwambia kaa huko chumbani nyuma ya pazia, ni muda wa masaa mawili hivi, watakunywa chai waende.

Nakiri hapa kitu sijamwambia mtu. Sikumshika mkono kwa sababu ya baridi ya njiani, vile nilimwambia. Nilitaka tu, mara moja maishani, wageni waje nyumbani kwangu na yeye awe ndani.

Wakaja wakiimba. Wueh! Kijumba kilijaa hadi mlango ukakataa kufunga. Walileta chupa ya chai, ungo, sufuria mbili, na Mama Ciku akafungua furushi lake mwisho. Blanketi. Nzito, ya rangi ya damu ya mzee, ya kitanda kikubwa. Ya watu wawili. Wamama wakapiga vigelegele, mimi nikaangalia chini kama bibi harusi.

Ikafika maombi. Desturi yao ni hii: wenye nyumba wanasimama katikati, chama kinawazunguka, mikono mabegani. Nikasimama. Mama Ciku akaniangalia, akaangalia pazia.

"Na mwenzako aitwe. Nyumba haiombewi nusu."

Nilisikia maji yakichemka kwa jiko.

Ningesema hayuko. Ni neno moja tu, na nimesema uongo mwingi kuliko huo maishani. Lakini wale wamama walikuwa wamenyamaza vizuri sana, bila yule mmoja wa kutabasamu upande. Nikaita.

Wafula akatoka. Alikuwa amevaa soksi bila viatu. Akasimama karibu yangu, bega lake likigusa langu, na Mama Ciku akaweka mkono mmoja kwa kichwa changu na mwingine kwa kichwa chake. Akauliza majina yetu ya ubatizo. Akatuombea kwa majina, mimi na yeye kwa sentensi moja. Akaomba tusikosane. Akaomba tusikose unga. Akaomba anayetutafutia mabaya apotee njia huku kwa ukungu.

Nililia kama mtoto. Wafula pia alilia, na mimi mjinga nikafikiri tunalia kitu kimoja.

Wageni walipoenda aliosha vikombe vyote, akavipanga. Tulilala chini ya ile blanketi. Asubuhi alifunga viatu vyake, akaniambia hatarudi Molo.

Nikamuuliza nani amekukosea. Akasema hakuna.

"Wamejua kwa upendo," akasema, "lakini wamejua."

Babake ni mzee wa kanisa huko kwao. Dadake ameolewa Njoro, hapo tu. Alisema siri ya watu wawili inaweza kufunikwa, lakini ya chama kizima, ikiwa na jina lake la ubatizo ndani, siku moja itateremka na lori la viazi hadi ifike mahali. Nilitaka kumwambia anakosea. Nilishindwa, kwa sababu hakosei. Wanaotupenda pia wana midomo.

Jana akapiga simu. Alikuwa na mpango. Nirudi Karagita, nichukue chumba ploti nyingine, mbali kidogo. Tuishi vile tuliishi. Radio juu, pazia chini. Sauti yake ilikuwa ya chini, nikajua kuna mtu upande wa pili wa ukuta. Akasema, "Nakupenda, unajua." Aliinong'ona hata hiyo.

Nikamwambia anipe hadi leo.

Sijalala vizuri. Nimewaza nikarudi nikawaza. Mtu anaachaje mtu wake kwa sababu ya mji? Mji hauwezi kukushika mkono. Halafu nikakumbuka vitu vyangu vikinyeshewa, na nikakumbuka ule mkono mzito kichwani.

Mchana huu nilikunja blanketi nikaipeleka kwa Mama Ciku. Sikuwa nimeamua kitu, lakini niliona si haki kukaa na kitu cha watu wawili. Nilimkuta jikoni, anamenya viazi kando ya moto. Nikamwambia Wafula harudi tena, kwa hivyo nimeirudisha.

Kisu kikaanguka. Akaketi kwa kile kistuli chake, akafunika mdomo na leso.

"Ni mimi," akasema. "Ni haya maombi yangu."

"Hapana, mathe."

"Nilifikiri mtu akiombewa anatulia."

Sikuwa na hasira. Nilikuwa nimeitafuta njiani nikaja nayo, kumbe imeniponyoka hapo mlangoni. Nililia hapo kwake, nimesimama. Naye alilia, na viazi vikakaa kwa maji. Baadaye akauliza, akiangalia moto, "Na wewe unaenda?"

Nilifungua mdomo nijibu kwamba sijui.

"Sweta ya mjukuu wako haijaisha," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa pole pole. Akachukua blanketi, nikadhani ameipokea. Kumbe aliikunjua yote, akaitandaza juu ya kamba pale moto unapopita, akaigeuza upande mmoja, akaigeuza mwingine. Ilipopata joto aliikunja akaniwekea mikononi. Akasema vyombo vya chama havirudishwi.

Nimemwandikia Wafula nikiwa njiani kurudi, hapo kati ya nyumba mbili. Nimemwambia nampenda. Nimemwambia siwezi tena kuishi kwa kunong'ona, na sitamlazimisha kuishi kwa sauti. Nimemwambia huku mlango haufungwi.

Amesoma. Hajajibu, na najua hatajibu.

Nimejiuliza jioni hii yote: ningejua, ningesema hayuko? Ningemwacha nyuma ya pazia ndio nibaki naye? Natamani niandike hapa kwamba ndiyo, maana nampenda kiasi hicho. Lakini nilisimama pale katikati na bega lake likigusa langu, watu wakatuona, na hakuna aliyetutoa nje. Ilikuwa dakika chache. Singezirudisha.

Inauma, jameni. Inauma hapa chini ya mbavu, na hakuna sweta ya huko ndani.

Giza linaingia. Mama Ciku amepita ameacha maziwa kwa mlango, ingawa si asubuhi. Ni kikombe. Amejua hata kurudi kwa kikombe.

Nitakunywa. Kisha nitamalizia ule mkono wa sweta, maana mtoto hana kosa. Na blanketi, kwa kuwa ni kubwa na mimi ni mmoja, nitaikunja mara mbili.