Mlango Uliokuwa Ukinisemea

Jumanne, 11 Machi

Nyinyi watu wa kampuni hamkulelewa. Mtu hashukuriwi huku anavutiwa kiti alichokalia. Ujumbe umeingia kwenye simu asubuhi: tunakushukuru kwa kuwa nasi miaka mitatu, tarehe 31 huduma zetu zinafungwa, tunakutakia kila la heri. Heri gani? Nimeusoma mara tatu, kidole chini ya kila neno, maana mimi ni wa darasa la nne na sioni haya kusema. Mara ya tatu haukubadilika.

Taa zinazowaka nikiziita — zife. Soketi inayozima pasi nikisahau — ife, nitakumbuka mwenyewe. Vyote nilivifunga kwa mkono wangu na bisibisi yangu, watoto wakinicheka hadi walipoacha kucheka na kuanza kuniuliza. Naweza kuvifungua vilevile. Ila mlango.

Juu ya mlango kuna kikasha cheupe, ukubwa wa kipande cha sabuni. Mzee, mume wangu, akisogea karibu kinamwona, na kinasema kwa sauti yangu: "We mpiga chapa, leo si siku ya kazi. Rudi ukae, chai inakuja." Naye anarudi. Kila siku ya Mungu, saa nne, anavaa koti aende kiwanda cha chapa kilichobomolewa zamani. Kikasha kinamgombeza, anavua koti. Mimi nikimwambia yaleyale uso kwa uso ananiita dada, ananiuliza zamu yangu inaisha saa ngapi.

Kumfungia kwa ufunguo? Tulijaribu. Aligonga mlango mpaka vidole vikavimba. Mtu hafungiwi nyumbani kwake kama kuku.

Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 13 Machi

Binti yangu mkubwa amepiga simu. Ni muuguzi, kwa hiyo anaongea na mama yake kama anamsomea cheti. Amenikumbusha tulivyopatana: baba akitoka peke yake mara moja tu tena, anakwenda nyumba ya kulelea wazee. Mara ya mwisho walimkuta katikati ya barabara kuu anawaelekeza wenye magari wapange foleni. Sijasahau, mimi ndiye niliyekwenda kumchukua.

Kitanda kimepatikana huko. Wanakishikilia hadi mwisho wa mwezi. Akaniuliza kama vyombo vyangu vinafanya kazi.

Nikasema vinafanya kazi kama jana.

Si uongo. Jana vilifanya.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda kwa yule fundi simu wa kona, huyu tunayemwita Miwani kwa sababu anazo mbili, moja usoni moja kichwani. Nikamwambia atoe sauti yangu ndani ya kikasha aiweke kwenye kingine kisicho na kampuni. Akaniuliza kwani nadhani sauti imo ndani. Nikamwambia isiwemo iwe wapi, kwenye mfuko wa nani?

Kumbe haimo. Sauti yangu iko kwenye mashine zao, huko kusikojulikana. Mzee akisogea, kikasha kinaomba, wao wanaituma. Miaka mitatu nafuta kikasha kile kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kila Ijumaa nikidhani nasafisha koo langu!

Miwani si mjinga, nitampa haki yake. Atakuja Jumatatu, akirekodi kikasha pale kinaposema, sauti ibaki kwetu. Ila nisikiguse. Akarudia, bibi, tafadhali usikiguse.

Mimi. Niambiwe nisiguse.

Jumapili, 16 Machi

Nimekigusa.

Nilifikiri nikikivua kamba ya kampuni kitakuwa huru. Balbu zilipogoma mwaka jana nilifanya hivyo hivyo: pini kwenye kitundu, hesabu hadi kumi, taa nyekundu, zikawa mpya. Nikapanda kiti. Pini. Moja hadi kumi.

Kimekuwa kipya kweli. Sasa Mzee akipita, mwanamke nisiyemjua anasema, karibu, tafadhali sajili kifaa chako. Mzee amemjibu asante.

Jumatatu, 17 Machi

Miwani amekuja na waya zake. Nimemweleza nilichofanya. Hakunigombeza, na hilo limeniuma zaidi. Akasema tu kwamba kampuni haisajili tena, basi, hiyo imekwenda. Akanirekodi upya kwenye kispika chake chenye kumbukumbu yake mwenyewe.

Nikasema maneno yaleyale. Tukasikiliza. Nani huyu kikongwe? Kila penye herufi ya S anapiga mluzi. Meno mawili ya mbele niling'olewa mwaka jana, wala sikujua kwamba yaliondoka na kitu.

Saa nne Mzee akaja na koti. Kispika kikasema. Mzee akasimama, akavua kofia, akasema kwa heshima zote: "Shikamoo." Kisha akafungua mlango.

Nimemkamata kwa koti. Kifungo kimebaki mkononi mwangu. Miwani ameangalia ukutani.

Miaka arobaini na sita ya ndoa. Ananiamkia.

Alhamisi, 20 Machi

Siku tatu namzuia kwa mwili. Nasimama mlangoni kama kabati. Jana alinisukuma. Hakuwahi kunisukuma maishani, hata alipokuwa na haki ya kunisukuma. Baadaye akaomba radhi, akasema anachelewa tu, msimamizi ni mkali, dada asichukie.

Binti amepiga. Nimesema tuko salama. Huo sasa ni uongo, na nauandika hapa ulivyo.

Ijumaa, 21 Machi

Jambo limetokea. Niliandike taratibu.

Nilitoka kumwaga taka. Mlango ukajifunga nyuma yangu — kitasa hiki nilikifunga mwenyewe, nje kinafunguka kwa simu tu, na simu ilikuwa mezani. Ndani unazungusha mkono unatoka. Saa ngapi? Saa nne kasoro dakika moja. Nikasikia viatu vyake. Nikasikia kitasa kinaguswa.

Nikakishika kwa nje kwa mikono miwili na sikufikiri maneno, yalitoka. Nikamwambia, we mpiga chapa, unakwenda wapi na koti lisilo na kifungo, unataka watu waseme huna mke? Nilikuwa na hasira ya wiki nzima.

Halafu akasema, kwa sauti yake ya zamani, ile ya kucheka chini chini:

"Haya, haya, mama watoto. Punguza sauti, majirani watatusikia."

Akarudi. Nikasikia kiti.

Mama watoto! Mwaka mzima sijaitwa hivyo na mtu aliye hai. Nimekaa kwenye ngazi, nikayarudia maneno yake. Nilipogonga dirisha anifungulie alinitazama vizuri, akaniambia nisubiri kidogo, mke wake yuko mlangoni, anakuja.

Nimelifikiria leo kutwa nzima. Si maneno, na meno nayo si hoja. Ni uso wangu unaoharibu. Mke anayemkumbuka hana uso huu. Nikiwa nyuma ya ubao wa mlango, mimi ni yule. Na lazima nigombe kweli — kile kispika nilikiongelesha kama mtu anayepigwa picha.

Jumanne, 25 Machi

Siku ya nne tunafanya hivi, na haijashindwa hata mara moja. Saa nne kasoro robo nafunga gesi kwenye mtungi, nachomoa pasi, natia simu mfukoni, natoka. Nageuza ndoo, nakaa. Akigusa kitasa, namgomba. Jana kuhusu soksi. Leo kuhusu mguu wa meza ambao hajautengeneza tangu mtoto wa pili azaliwe. Akaniahidi Jumamosi.

Jirani wa pili ameniuliza nagombana na nani kila asubuhi nikiwa nje ya nyumba yangu. Nikamwambia na mume wangu, wewe wako huongei naye?

Miwani amepita, amebadilisha kitasa. Cha ufunguo, cha kawaida, kwa sababu kile kingine nacho kitakufa tarehe 31. Amesimama akanisikiliza nikifanya kazi yangu. Amesema hakuna kampuni inayotengeneza kitu hicho. Nimempa chai.

Ijumaa, 28 Machi

Binti anakuja Jumatatu na fomu ya kile kitanda. Hajauliza, ameniarifu. Nikasema aje saa nne kasoro robo, aone kwa macho yake. Akauliza aone nini. Sikuweza kueleza kwenye simu. Kila nilivyolipanga lilisikika kama wazimu wa wawili.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua. Nimekaa kwenye ndoo na mwavuli. Mzee alichelewa, nikangoja saa nzima na miguu majini. Namshukuru Mungu nilikuwepo.

Jumapili, 30 Machi

Koo. Nimesukutua maji ya chumvi mara tano. Leo nilimgomba kwa sauti ya chura, akasita nyuma ya mlango, akauliza kama naumwa. Nikamwambia rudi. Alirudi, lakini polepole.

Jumatatu, 31 Machi

Sauti haipo. Hata chura hayupo. Nimeamka, nimefungua kinywa, upepo tu.

Huduma imefungwa kama walivyosema. Taa hazisikii, na leo hata zingesikia ningeziita na nini?

Nimekaa kwenye ndoo, naandika gotini. Saa nne kasoro dakika kumi. Binti ameingia getini, bado ana sare ya kazini, fomu mkononi. Ananiuliza kwa nini niko nje kama mlinzi, baba yuko na nani ndani, nimepatwa na nini. Namwonyesha koo. Ananishika paji la uso. Anasema, mama, hii haiwezi kuendelea, kitanda mwisho wake leo.

Wakati anasema nimefumba macho, nasikia sauti yake tu. Mimi huyo. Mimi wa miaka ishirini nyuma, na ukali wote, na meno yote. Watu walikuwa wakipiga simu nyumbani, akipokea yeye wanamwita kwa jina langu.

Viatu vya baba yake vimeanza kusikika koridoni. Nageuza daftari asome. Andika kubwa, kikongwe wewe:

WEKA FOMU CHINI. KAA HAPA KWENYE NDOO. SHIKA KITASA. AKIKIGUSA, MGOMBE — MWITE MPIGA CHAPA, MWULIZE MGUU WA MEZA — NA USIMBEMBELEZE HATA KIDOGO.